Mvuvi wangu wa ukurasa wa saba

Mwaka 2012 nilikuwa nahariri habari kwenye gazeti moja hapa Dar. Malawi ilikuwa imetoa leseni ya kutafuta mafuta kwenye ziwa tunalopakana nao, na ugomvi wa mpaka ukapamba moto. Wao wanashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, unaouweka mpaka ufukweni kwetu. Sisi tunasema mpaka ni katikati ya maji.

Nilikwama kwenye jina tu. Ukiandika Ziwa Malawi, kesho unaitwa msaliti. Ukiandika Ziwa Nyasa, umeshachagua upande kabla ya sentensi ya pili. Niliandika Nyasa. Ningefanyaje?

Nikampigia mvuvi mmoja wa Matema, ufukweni kwetu wilayani Kyela. "Dada, mke wangu katoka Karonga, upande wa Malawi," akasema. "Wakifiwa kule tunavuka, tukifiwa huku wanavuka. Kinyakyusa na Kingonde tunasikilizana. Sasa hiyo vita nampiga shemeji?"

Maneno yake nikayaweka aya ya kwanza. Mhariri wangu akacheka: "Nani atanunua gazeti eti watu wameoana?" Saa nne usiku, kiwandani wanasubiri kurasa, hubishani sana. Asubuhi kituoni Mwenge watu wamezunguka meza ya magazeti, wanasoma vichwa bila kununua, kama kawaida yetu: MALAWI YATUCHOKOZA. Mvuvi wangu yuko ukurasa wa saba, mistari mitatu, shemeji kakatwa. Konda mmoja akasema tuwapige tu, Amin tulimpiga. Huyo konda 1979 hata hajazaliwa.

Semina za uandishi wa amani nimehudhuria, na posho nimesaini. Galtung wa Norway, mwasisi wa uandishi huo, tulifundishwa vizuri: uliza chanzo, sikiliza wa pande zote. Ila mimi sikuwa na namba hata moja ya mtu wa Malawi. Pande zote zangu zilikuwa Wizara na Kyela.

Baadaye nilimpata mwandishi mmoja wa Blantyre, Malawi. Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji, na wenzake walishaitwa kusuluhisha, na mpaka haujaamuliwa hadi leo. Aprili 2025, Tanzania ilipozuia mazao ya Malawi baada ya wao kuzuia mchele na ndizi zetu, nilimpigia usiku uleule. Kumbe naye mhariri wake kamkata aya za wakulima wa huku. Tukasomeana vichwa vya habari, yeye vya kwao, mimi vya kwetu, mpaka salio likaisha.