Mchunga, letasi na meno matano

Mchunga ni ndugu wa letasi. Wote wamo katika Cichorioideae, nusufamilia mojawapo ya familia ya alizeti, Asteraceae. Alizeti yenyewe iko nusufamilia nyingine, Asteroideae, na tofauti yao haihitaji maabara kuiona.

Kata bua bichi la mchunga (Launaea cornuta): maziwa meupe hutoka papo hapo. Usiishie hapo, maana hata mnyaa una maziwa na si wa familia hii kabisa. Chuma kichwa kilichochanua. Hilo tunaloliita ua ni vijiua vingi vilivyokaa kikao kimoja. Chomoa kimoja kwa sindano, utazame ncha ya ulimi wake kwa lenzi ya kukuza mara 10. Utahesabu meno matano. Vijiua vyote, vya kando na vya katikati, vina ulimi wa namna hiyo, na kila kimoja ni dume na jike. Kwenye alizeti, ndimi ziko ukingoni tu, kwa kawaida meno hayazidi matatu, na katikati pamejaa vijiua vya mrija.

Fanya kazi hii asubuhi. Vichwa vingi vya ukoo huu hujifunga jua likikolea, na bua lililonyauka litakudanganya: maziwa yameshakauka.

Vitabu vya zamani huweka mtukutu na jamaa zake wa Vernonia humu humu. Mtukutu hauna maziwa wala ndimi, mirija mitupu. Mpangilio wa mwaka 2020, uliogawa familia nzima katika nusufamilia 16, uliwapeleka Vernonioideae, na kwa anayetambua mimea shambani huo ni unafuu mkubwa.

Uchungu wa mchunga umo kwenye maziwa hayo. Ndiyo sababu majani huchumwa machanga, huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha ndipo tui au karanga. Shambani ni balaa jingine: mizizi yake hutambaa chini, na jembe likiikata vipande, kila kipande huchipua.

Mmea wenye vichwa vya njano usiotoa maziwa ukikatwa mbichi, usiutie chunguni. Huenda ni Senecio, na spishi zake nyingi zina sumu inayoharibu ini.