Kulwa na Doto walivyoniumbua

Jamani, wiki hii pacha wa siku mbili wamenifundisha kazi.

Natengeneza mfumo wa kutunza majibu ya kipimo cha selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa vichanga, huku Kanda ya Ziwa. Nesi anamchoma mtoto kisigino, matone ya damu yanakaushwa kwenye kadi, kadi inaenda maabara. Mimi kwa ujanja wangu nikaweka rekodi zenye mama, tarehe na jinsia ileile ziunganishwe, eti naondoa marudio. Sasa kichanga hana jina bado, kwenye kadi anaandikwa “Mtoto wa fulani” tu. Kulwa na Doto wakawa mtoto mmoja!

Kulwa majibu yake FAS, yaani kabeba kinasaba tu, haumwi. Doto FS, yaani anaonekana ana ugonjwa wenyewe, huyo ndiye wa kuanzishiwa kliniki mapema. Mfumo ukabakiza ya Kulwa.

Aliyegundua ni dada wa maabara: kadi mbili mkononi, jibu moja kwenye skrini. Akanipigia, hata salamu hakunipa.

Sasa utambulisho ni namba ya kadi, si jina la mama. Na Doto anarudi Jumatatu kupimwa tena.