Mwaka 1916, Cetinje na Dar

Kazi yangu ni kutembeza wageni mjini. Pale kwenye Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, wengi wanapiga picha na kuondoka. Juzi nilikuwa na mzee mmoja kutoka Montenegro, nchi ndogo ya kusini mashariki mwa Ulaya, na siku hiyo mwongozaji aligeuka kuwa yeye.

Nilianza kama kawaida. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, wakaing'oa sanamu ya Wissmann, yule Mjerumani aliyemnyonga Bushiri kule Pangani 1889, wakaipeleka London. Wissmann alichongwa kasimama juu, na chini yake askari Mwafrika anamtazama kwa kuinua macho. Huyu wetu wa shaba, mwenye bunduki na singe, alikuja 1927.

Mzee akasema: kwetu, wiki chache tu kabla ya hapo, walihamisha mifupa.

Januari 1916 jeshi la Austria-Hungaria lilipanda mlima Lovćen. Mlima huo unaitazama ghuba ya Kotor, ilipokuwa manowari yao, kwa hiyo aliyekaa juu na mizinga ndiye bwana. Tarehe 13 mji mkuu, Cetinje, ukaanguka. Mfalme Nikola alikimbilia Italia, kisha Ufaransa, na nchi ikawa chini ya gavana wa kijeshi hadi 1918. Wanaume wengi walipelekwa makambini. Hata herufi zao za Kisirili zilipigwa marufuku shuleni. Mimi shuleni vita hiyo, Vita ya Kwanza ya Dunia, niliisoma kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, na wapagazi wetu waliofia njiani. Habari za Wazungu kutawaliana kijeshi hatukupewa.

Kileleni Lovćen kulikuwa na kanisa dogo na kaburi la Njegoš, askofu, mtawala na mshairi aliyefariki 1851. Agosti 1916 wakamteremsha hadi kwenye monasteri ya Cetinje, maana pale juu walitaka kumjengea mnara mfalme wao, Franz Joseph. Haukujengwa. Njegoš alirudishwa 1925. Halafu serikali ya kikomunisti, yao wenyewe, ikalibomoa kanisa na kujenga kaburi kubwa la mawe lililofunguliwa 1974. Nawaambieni, hilo lilimkera mzee kuliko Waaustria wote.

Akaniuliza Wissmann yuko wapi sasa. Nikamwambia Wajerumani walirudishiwa, wakamsimamisha Hamburg 1922, na 1968 wanafunzi wakamwangusha, yuko stoo. Akataka kujua kama kuna mtu Dar anayemdai.

Sijamsikia bado.