Kumi na Nne ni Nyingi au Kidogo?

Shangazi yangu ndiye aliyeuliza swali lililonirudisha mwanzo. Tulikuwa sebuleni kwetu, Ngamiani, Tanga, Jumamosi baada ya Isha. Tulikuwa tunaanza mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, na nilikuwa nimempa karatasi ya mhusika wake, baharia wa jahazi, na chini ya jina kulikuwa na safu ndefu ya namba. Akaweka kidole kwenye mstari wa Nguvu. "Mwanangu, hapa umeandika kumi na nne. Kumi na nne ni nyingi au kidogo?"

Nilimweleza. Nikaeleza tena kwa njia nyingine. Nilipofika katikati ya maelezo ya tatu, binamu zangu wawili walikuwa wameshaanza kuchungulia simu zao, na shangazi akasema kwa upole, "Haya baba, tucheze, wewe utakuwa unaniambia." Ikawa hivyo usiku kucha. Jahazi lilipoanza kuingiza maji, aliniuliza kama baharia wake anaweza kuyatoa. Tulipofika forodhani, aliniuliza kama anaweza kumzungusha karani. Alirusha dadu, lakini uamuzi wote ulikuwa wangu.

Kwa asiyeijua michezo hii: watu wanakaa pamoja, mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa wengine anabeba mhusika wake. Msimulizi anaeleza kilichopo, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, dadu inaamua. Ilipata umbo lake mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani. Mhusika wao alikuwa na sifa sita, yaani nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi na haiba, na kila sifa ilipatikana kwa kujumlisha dadu tatu, kuanzia 3 hadi 18. Mimi niliijua chuoni, kwa Kiingereza. Niliporudi nyumbani nikatamani kuicheza kwa Kiswahili, na watu wangu, katika hadithi ya pwani yetu: jahazi, nahodha, serahangi, kaskazi na kusi, boriti na karafuu. Nikabadili hadithi yote. Namba nikaziacha kama nilivyozikuta, na hapo ndipo nilipokosea.

Jibu la kweli la swali la shangazi lilinichukua siku mbili na daftari. Dadu tatu za pande sita zina matokeo 216. Katika hayo, yanayofika 14 au zaidi ni 35 tu, kama 16 katika kila 100. Basi 14 ni nyingi. Lakini namba hiyo haitumiki yenyewe mezani. Kwa kanuni za toleo la mwaka 2000, ambazo ndizo nilizokuwa nimezifuata, unatoa 10, unagawanya kwa 2, nusu ikitokea unaitupa, na kwa 14 unabaki na 2. Hiyo 2 ndiyo unayoiongeza kwenye dadu ya pande 20, ambako kila alama moja ina thamani ya asilimia 5. Maana yake ni kwamba Nguvu ya 14, ambayo kwenye karatasi inaonekana ya mtu wa miraba minne, inamwongezea baharia nafasi 10 katika 100. Na 15 inampa hizo hizo 10.

Kwa hiyo jibu lilikuwa: ni nyingi kuipata, ni kidogo kuitumia, na ukiongezewa moja hakuna kinachobadilika. Mtu anayetaka tu kujua kama baharia wake ataweza kuvuta nanga humpi jibu la namna hiyo. Sikuwahi kufikiria kwamba kasoro inaweza kuwa kwenye namba, si kwenye maelezo yangu. Kuanzia siku ile nikaacha kutafuta maelezo mazuri zaidi.

Jaribio la kwanza nilifuta namba zote nikaweka maneno. Wazo lina watangulizi: mwaka 1992 Steffan O'Sullivan alianzisha mchezo wa Fudge, ambao sifa zake hutajwa kwa ngazi ya maneno kuanzia mbaya kabisa hadi bora kabisa. Mimi nikaandika dhaifu, wa kawaida, hodari, mahiri, bingwa. Nikaona nimemaliza. Tulipokaa kucheza, binamu mmoja akasisitiza kwamba hodari ni zaidi ya mahiri. Jirani yetu fundi seremala, aliyekuja kucheza siku hiyo, akasema mahiri ni wa ufundi na hodari ni wa kazi, hamuwezi kuwapanga kwenye ngazi moja. Walibishana kwa nusu saa, na nadhani fundi alikuwa sahihi. Katika Kiswahili maneno haya hayapandi kama vidato. Kila moja linamsifu mtu wa aina yake, na bingwa ni bingwa mbele ya wenzake, si peke yake. Ngazi ile ilikuwa kichwani mwangu tu.

Jambo lililonisaidia nililiona barazani, mahali ambapo nimekaa tangu utotoni. Wazee wanacheza bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mwanzoni kila mchezaji ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hakuna anayeuliza kama kete tano shimoni ni nyingi. Anaziona, na anajua zitafika wapi akizitoa. Mtoto asiyejua hesabu ya shule anajua. Namba ya bao inashikika, na ukiishika tayari umeshaanza kuitumia.

Nikarudi nyumbani nikajiuliza: itakuwaje sifa ikiwa ni idadi ya dadu anazochukua mkononi? Nguvu 3, chukua dadu tatu, rusha. Dadu yoyote ikionyesha 5 au 6, umefaulu. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Na dadu zenyewe ni hizi za ludo zinazopatikana dukani kwa jirani. Ile ya pande 20 tulikuwa tunairusha kwenye programu ya simu, na simu ikishaingia mkononi mwa mtu mchezo umekwisha.

Hesabu nikaifanya kwanza, kwa sababu sikutaka kurudia kosa la 14. Dadu moja inakupa nafasi 33 katika 100. Mbili zinakupa 56, tatu 70, nne 80. Kila dadu inaongeza kitu unachokihisi, ingawa ya nne inaongeza kidogo kuliko ya pili, na hilo nalipenda: kutoka kutojua hadi kujua ni hatua kubwa kuliko kutoka ujuzi hadi umahiri. Kwa jambo gumu, kama kugeuza tanga upepo ukiwa umechachamaa, nataka dadu mbili zifaulu kwa pamoja. Hapo mwenye dadu mbili ana nafasi 11, mwenye tatu 26, mwenye nne 41, na mwenye moja hawezi kabisa, hana hata haja ya kuuliza. Hesabu hizi wachezaji hawazioni. Wanaona mkono wao umejaa au haujajaa, na wanakadiria vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kisha nikafanya karatasi yenyewe ifanane na bao. Nilichora duara tano, na kila mchezaji nikampa kete za komwe azigawe: shimo lisikose kete hata moja, wala lisizidi nne. Mara ya kwanza nilitoa kete 15. Wote wakaweka tatu tatu kila mahali, na tukawa na jahazi la mabaharia wanne wasio na tofauti. Nikapunguza hadi 11. Zikawa hazitoshi, na zisipotosha ndipo mtu anasema mhusika wake ni nani. Binamu yule mdogo alikaa muda mrefu akihamisha kete moja kati ya mashimo mawili, huku akijadiliana mwenyewe kwa sauti kama baharia wake ni mwongo au ni mwoga.

Majina ya mashimo yalinisumbua kuliko hesabu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na Akili na Hekima, zimefasiriwa kutoka sifa sita za mwaka 1974, na binamu mkubwa aliniuliza mtu mwenye hekima asiye na akili ni mtu gani. Kinachochanganya zaidi ni kwamba katika mchezo ule hekima ndiyo pia inayokufanya usikie nyayo gizani. Kwetu hekima ni ya wazee na ya maneno yao. Baharia akiona mwamba kabla ya wenzake, hakuna anayesema ana hekima. Watu husema ana macho.

Nikalishika hilo. Kiswahili kinazo sifa za watu tayari, na kimeziweka mwilini. Nikaandika Kifua cha nguvu za mwili, Mkono wa ufundi, Jicho la kuona, Ulimi wa maneno, Moyo wa ujasiri. Nikazipeleka kwa shangazi bila kueleza chochote, maana nilitaka kuona atakavyozisoma. Akaanza na Jicho. "Jicho nne? Huyu ana husuda, msimkaribishe chakula." Nikabadilisha, ikawa Macho, na faida yake ikawa mara mbili, kwa sababu kuwa macho pia ni kutolala. Mkono akauliza kama ni mkono mrefu, yaani mwizi. Wingi, Mikono, ukaondoa shaka. Kwenye Moyo aligawanyika na binamu zangu. Yeye alisoma ukarimu, maana mwenye moyo ni mtu wa kutoa na kujitolea. Wao walisoma ujasiri, kwa kuwa mtu hupiga moyo konde. Neno lenye njia mbili sawasawa kwenye karatasi ya mchezo ni hatari, nikalitoa.

Kifua ndicho kilichonifundisha zaidi. Mhusika wa binamu mdogo alikuwa na kete moja kwenye Kifua. Shangazi akaitazama akasema, "Huyu msimwambie jambo, hana kifua." Nikamrekebisha, nikasema hapana shangazi, hapa kifua ni nguvu. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba Pemba iko bara. Usiku nilipokuwa naandika nikatambua kwamba mimi ndiye niliyepaswa kurekebishwa. Hana kifua, kwetu, ni mtu asiyeweza kutunza siri. Sina mamlaka ya kulibadilisha neno hilo kwa ajili ya jioni mbili za mchezo.

Basi nikaifanya kanuni ilifuate neno. Kifua kikawa yote ambayo mtu anayabeba bila kuyatoa nje: siri, maumivu, hofu, njaa, usingizi wa zamu ya usiku. Ule ujasiri niliokuwa nimeuweka kwenye Moyo ukahamia humo bila kusukumwa. Nguvu za mwili nikaziita Nguvu, jina ambalo halikuwahi kumsumbua mtu. Nguvu, Mikono, Macho, Ulimi, Kifua. Karatasi iliyokuwa na ile 14 ikabaki na mashimo matano.

Namba ya uhai, ile inayohesabu mhusika amebakiza uhai kiasi gani, niliifuta pia. Mhusika akiumia, msimulizi anatoa kete kwenye shimo linalohusika: umeanguka kutoka mlingotini, kete ya Mikono inaondoka, na dadu zako zinapungua papo hapo. Kuna ubaya wake, aliyeumia anazidi kushindwa na kushindwa kunamuumiza tena, na jioni moja tulipoteza mhusika kwa namna iliyomuudhi mwenye naye, kwa haki kabisa. Sasa kete zote zinarudi jahazi likitia nanga na watu wakala na kulala. Imepunguza tatizo, haijalimaliza.

Mara ya mwisho tulipocheza, jahazi lilikuwa na karafuu za magendo kutoka Pemba, na chombo cha doria kilikuwa kinakuja. Shangazi aliziangalia karatasi zote nne, mashimo na kete, kwa muda wa kunywa funda mbili za chai. Kisha akapanga: mwenye Ulimi akae mbele, mwenye Macho apande juu, na yule asiye na kifua ashushwe chini kwenye magunia ajifanye mgonjwa, asije akaulizwa kitu. Hakuna aliyenigeukia. Nilikaa na chai yangu nikasubiri waniambie wanarusha dadu gani.

Ulimi bado naufanyia kazi. Binamu mkubwa anasema vizuri kuliko sisi sote, na mhusika wake ana Ulimi 1. Fundi ni mkimya, na mhusika wake ana Ulimi 4. Kwa muda mrefu yule wa kwanza alikuwa anashinda kwa maneno yake mwenyewe na kete za fundi hazina kazi. Sasa dadu zinarushwa kwanza, maneno yanafuata. Binamu akishindwa, anajua ameshindwa kabla ya kufungua kinywa, na kazi yake ni kutusimulia baharia wake alivyojikanyaga. Siku ile ya doria, fundi alirusha dadu nne, tatu zikafaulu. Akafikiri, akamwambia ofisa sentensi moja: "Mzee, mgonjwa wetu anatapika, na hatujui ni nini." Chombo cha doria kikaondoka.