Kodi ya nyumba za jiji ni pesa ya fundi

Nyumba ya shangazi yangu, katika mojawapo ya mitaa ya zamani ya Eastlands jijini Nairobi, ina kuta za mawe na paa la vigae vyekundu, isipokuwa pale juu ya jikoni ambapo vigae vinne vilivunjika na mahali pake pakawekwa kipande cha bati. Bati hilo alilinunua mwenyewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyemlipa fundi. Ukiketi jikoni mchana utaona uzi mwembamba wa mwanga pale bati linapokutana na kigae, na sakafuni chini yake sufuria ambayo haiondolewi mahali pake msimu mzima wa masika. Marehemu mume wake alipopangishwa nyumba hiyo ya jiji katika miaka ya 1960, mpangaji hakuruhusiwa kupigilia hata msumari ukutani bila idhini. Bomba likivuja, mtu alikwenda kwa karani wa mtaa, jina lake likaandikwa katika daftari, na baada ya siku mbili tatu akafika fundi kwa baiskeli, mkoba wa vifaa ukiwa umefungwa nyuma. Shangazi bado anamkumbuka kwa jina.

Tunapobishana kuhusu mpango wa kubomoa mitaa hii na kujenga maghorofa, mara nyingi tunazungumzia idadi ya ghorofa zitakazojengwa na jina la mwekezaji, ilhali mimi naona kwamba swali kubwa ni la yule fundi: nani anamlipa, na kwa pesa gani.

Mitaa yenyewe ina historia nzito. Serikali ya kikoloni ilimchukulia Mwafrika wa Nairobi kuwa kibarua wa kupita, ambaye angefanya kazi na kurudi kwao, kwa hiyo kwa muda mrefu ilimjengea mahali pa kulala tu, si nyumba ya kuishi na familia. Mtazamo huo ulianza kulegea miaka ya 1940, ilipojengwa Kaloleni, mtaa wa nyumba za mawe zilizozunguka uwanja wenye ukumbi wa jamii, na ukumbi huo baadaye ukawa jukwaa la siasa za kudai uhuru. Mitaa mingine iliyofuata ilibeba majina ya watu. Mbotela ni kumbukumbu ya Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka wa 1952, na Ofafa ni ya Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka wa 1953. Halmashauri ya jiji ilizimiliki nyumba hizi, ikazipangisha, na baada ya uchaguzi wa 2013 zikaangukia mikononi mwa serikali ya kaunti.

Zilichakaaje? Si kwa sababu mawe yalikuwa mabovu, kwani ukuta wa shangazi hauna ufa hata mmoja. Kodi ilipangwa zamani na kuachwa chini miaka nenda miaka rudi huku bei ya saruji, mabomba na kazi ya fundi ikipanda. Kiasi kidogo kilichokusanywa hakikutosha kutengeneza chochote. Mpangaji aliyeona choo kimeziba mwezi baada ya mwezi alipoteza moyo wa kulipa. Malimbikizo yakakua, na ofisi ikapata sababu nyingine ya kutomtuma fundi. Wakati huohuo tofauti kati ya kodi ya jiji na kodi ya soko ikawa kubwa kiasi kwamba nyumba ya jiji iligeuka kuwa mradi. Mwenye jina katika daftari alihamia kwingine, akampangishia mtu mwingine kwa bei ya soko na kubaki na tofauti, huku wengine wakijenga vibanda vya mabati uani na kuvipangisha pia. Ni watu wenye kipato kidogo waliolipa bei kamili, na jengo halikupata hata senti moja ya pesa hizo.

Kuna jambo la kisheria ambalo watu wachache hulitaja. Kifungu cha 207 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba fedha zote zinazopatikana na kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imeziondoa kwa sababu ya msingi. Maana yake ni kwamba kodi anayolipa shangazi inachanganyika na ada za maegesho na leseni za biashara, kisha nyumba yake inashindana na barabara, zahanati na mishahara wakati bajeti inapogawanywa. Katika mashindano hayo kigae kilichovunjika hakiwezi kushinda, kwa kuwa hakuna kiongozi anayekata utepe kwa ajili ya kigae.

Ndipo tukafika kwenye dawa ya kubomoa. Pangani, mtaa wa nyumba 48, ulibomolewa ili kupisha majengo marefu yenye nyumba zaidi ya 1,400, kwa ubia wa kaunti na mwekezaji binafsi, na wapangaji wa zamani wakaahidiwa kurejea. Sisemi kwamba ardhi iliyo karibu hivyo na katikati ya jiji ibaki na nyumba 48 milele. Nairobi ilihesabiwa watu milioni 4.4 katika sensa ya 2019, na watu hao lazima walale mahali. Kinachonisumbua ni kwamba nyumba za kupanga za jiji zinaondoka na zinazokuja ni za kuuzwa. Ukienda upande wa serikali kuu, mwelekeo ni uleule: tangu Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya Machi 2024, kila mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi kama hicho, na nyumba nyingi zinazojengwa zinauzwa kwa malipo ya kila mwezi hadi mkaaji awe mmiliki.

Tumeshaipita njia hii. Katika miaka ya 1970 mtaa wa Umoja ulijengwa kwa nia ya kuwawezesha watu wa kipato cha chini kumiliki nyumba ndogo, na Dandora iligawanywa viwanja vyenye huduma za msingi ili watu wajijengee. Leo ukipita Umoja utaona nyumba nyingi za awali zimefunikwa na maghorofa ya vyumba vya kupangisha yaliyobanana hadi mchana huwashwa taa. Siwalaumu wenye viwanja, kwa kuwa walipata mali na wakaitumia. Lakini kuuza hakukuondoa upangaji. Kulibadilisha mwenye nyumba tu, na mwenye nyumba mpya hana wajibu wa kumfikiria mama mboga.

Jiji la Vienna, Austria, lilichagua njia nyingine: lilianza na ushuru maalumu wa nyumba mwaka wa 1923, ushuru ambao wenye majumba makubwa waliulipa zaidi, na kufikia 1934 lilikuwa limejenga nyumba zaidi ya 60,000. Hazikuuzwa. Kodi ya pango ilikusudiwa kulipia uendeshaji na matengenezo, kwa kuwa gharama ya ujenzi ilikuwa imeshalipwa na ushuru ule maalumu. Karl-Marx-Hof, jengo lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja lililofunguliwa mwaka wa 1930, lilipigwa mizinga katika mapigano ya wenyewe kwa wenyewe ya Februari 1934, likakarabatiwa kati ya 1989 na 1992, na bado linapangishwa. Leo jiji hilo lina nyumba zake zipatazo 220,000, na karibu robo ya wakazi wanaishi ndani yake. Nairobi si Vienna, najua, na umaskini wetu si wao. Hata hivyo sisi pia tumeanza kukatwa pesa za nyumba, na tofauti iliyopo ni kile tulichoamua kununua kwa pesa hizo.

Kwa hiyo kikao cha maoni ya wananchi kitakapoitishwa katika mtaa wa shangazi, nitakwenda kudai mambo yanayoweza kuandikwa katika mkataba. Idadi ya nyumba zitakazobaki za kupanga, mikononi mwa kaunti, itajwe kabla ya ukuta wa kwanza kuangushwa. Wapangaji wahesabiwe mlango kwa mlango, na yule aliyepangishiwa pembeni kwa miaka kumi ahesabiwe pia. Kodi ipande kwa kiwango kinacholingana na gharama halisi ya matengenezo, jambo ambalo najua halitanipatia marafiki, lakini iwekwe katika akaunti yake, kwa sheria, isiguswe kwa kazi nyingine. Na mitaa ambayo mawe yake bado ni mazima ikarabatiwe: mabomba mapya, nyaya mpya, vigae.

Nilipomweleza shangazi habari za majengo ya ghorofa kumi na tano yanayopangwa mtaani kwake, hakuuliza ukubwa wa vyumba wala bei. Magoti yake yanamsumbua, na hata ngazi mbili za barazani huzipanda akishika ukuta. Aliuliza, "Na lifti ikiharibika, mwanangu, niandikishe kwa nani?" Sikuwa na jibu la kumpa, na hilo ndilo swali nitakalolisoma kwanza kikaoni.