Nyaya Mbili za RS-485 na Rezista Zake

Vidhibiti vidogo vya kielektroniki vinapotakiwa kupelekeana data kutoka jengo moja hadi jingine, watu wengi siku hizi hukimbilia redio, ilhali RS-485, kiwango cha kiufundi cha mawasiliano ya waya kilichotolewa Marekani mwaka 1983, bado kinaifanya kazi hiyo kwa nyaya mbili na kwa uthabiti ambao sijauona kwenye Wi-Fi ya karakana yenye mota nyingi.

Uthabiti huo unatokana na namna chipu ya RS-485 iliyo kwenye kila kifaa inavyosoma. Haipimi volti za waya mmoja peke yake, bali hulinganisha waya A na waya B, na tofauti ya volti 0.2 tu huitosha kuamua kama imepokea 0 au 1. Mota ikiwashwa jirani, kelele zake za umeme huziingia nyaya zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, kwa kuwa zimesokotwa pamoja, na tofauti iliyopo kati yake hubaki karibu vilevile. Ndiyo maana laini inaweza kufika mita 1,200 kwa kasi ndogo, ikihudumia vifaa 32 vya kawaida.

Linalonisikitisha ni jinsi rezista (vipande vinavyopinga mkondo wa umeme) za omu 120 zinavyopuuzwa. Zinatakiwa mbili, moja kila mwisho wa laini, ili mawimbi yanayofika huko yamezwe badala ya kurudi nyuma na kuvuruga biti zinazofuata. Vibao vingi vya bei nafuu vyenye MAX485, mojawapo ya chipu za RS-485, huja na rezista hiyo tayari. Itazameni, ni ile ndogo nyeusi iliyoandikwa 121, yaani 12 na sifuri moja, 120. Fundi akiunganisha vibao kumi bila kuing'oa kwenye vile vya katikati, laini hubaki na omu 12, mzigo mzito mno kwa chipu, kisha lawama huangukia programu.

Kukagua ni rahisi: zima umeme wote, pima omu kati ya A na B kwa multimita. Usomaji wa karibu na 60 ni mzuri. 120 ina maana mwisho mmoja hauna rezista. Chini sana ya 60, zimezidi.

Laini yenyewe ipite kifaa hadi kifaa bila matawi marefu. Na majengo yakiwa mbalimbali, ongezeni waya wa tatu wa kuunganisha ardhi za vifaa (sehemu zao za volti sifuri, GND), kwa sababu chipu ya kawaida huvumilia tofauti ya ardhi ya volti 7 tu.