Nilivyojifunza kusikiliza kabla ya kujibu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mwenye akili hutambulikana kwa wepesi wake wa kujibu. Nilipokabidhiwa kuongoza kitengo chenye watu 11, nilikwenda na imani hiyo vikaoni: mtu akianza kueleza jambo, mimi nilikuwa nimekwisha kulimalizia, na kimya cha wenzangu nilikichukua kuwa ni kukubali.

Siku moja mtunza stoo wetu, mama aliyenizidi umri na uzoefu, alisimama na karatasi mkononi akasema, "Bosi, hesabu hazilingani kwa sababu katoni..." Nikamkatiza. Kwa takriban dakika kumi nilimweleza umuhimu wa kuhesabu kwa makini, kana kwamba hakuwa akiifanya kazi hiyo tangu kabla sijaajiriwa. Hakubishana nami. Aliikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mkobani, akaketi. Baada ya majuma mawili ndipo ilipobainika kwamba fomu tuliyokuwa tukiitumia, ambayo niliiandaa mimi mwenyewe, ilikuwa na safu mbili zenye kichwa kilekile cha "idadi", moja ikidai hesabu ya katoni na nyingine hesabu ya kipande kimoja kimoja. Hilo ndilo alilotaka kuniambia, na neno "katoni" lilikwisha kumtoka kinywani nilipomnyamazisha. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi; methali hiyo nilikuwa nikiitamka tangu utotoni, lakini uchungu wake niliuonja siku ile.

Nilimwendea, nikamwomba radhi, nikamsihi anieleze upya. Mwaka 1952 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alipendekeza kwamba katika majadiliano mtu asitoe hoja yake mpaka kwanza ayaeleze mawazo ya aliyemtangulia, na mwenye mawazo hayo aridhike kwamba ameelezwa sawasawa. Niliamua kuifuata kanuni hiyo, nikidhani ni nyepesi. "Kama nimekuelewa, mama, unasema watu wa zamu ya usiku wanakosea kuhesabu." Akatikisa kichwa. "Sivyo, bosi. Wanahesabu vizuri; fomu ndiyo inayowauliza mambo mawili kwa jina moja." Nikajaribu tena, nikakosea tena, maana nilikuwa nimeingiza utetezi wangu ndani ya maneno yake. Mara ya tatu ndipo aliposema, "Hapo umenipata." Sikumbuki kama nimewahi kupewa sifa iliyonigusa kuliko hiyo.

Baadaye nilitafuta kujua kwa nini kusikiliza kunatuwia vigumu hivi. Watafiti wa mazungumzo katika lugha mbalimbali wameona kwamba pengo kati ya mtu kumaliza kusema na mwenzake kuanza huwa, kwa kawaida, kama sehemu moja ya tano ya sekunde, ilhali kuandaa hata neno moja la kutamka huchukua zaidi ya nusu sekunde. Maana yake ni kwamba huanza kutunga jibu wakati mwenzetu bado anasema. Kwa hiyo kunyamaza peke yake hakutoshi, kwa kuwa mtu anaweza kufunga mdomo huku moyoni anahutubia. Nami nilipitia kipindi hicho, nikijisifu kwa upole ambao haukuwapo.

Kilichonisaidia kuvuka hapo ni kuhesabu. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walisubiri kama sekunde moja tu, na kwamba waliposubiri tatu au zaidi majibu ya wanafunzi yaliongezeka urefu na kina. Nami nikaanza kuhesabu kimoyomoyo hadi tatu kila mtu anaponyamaza. Mwanzoni sekunde hizo zilinielemea kama saa nzima. Hata hivyo niligundua kwamba mara nyingi jambo zito zaidi hufuata baada ya kituo hicho: mtu hutanguliza lililo rahisi, akakutazama kama unastahili kupewa lililobaki. Nyumbani nako nilifanya vivyo hivyo na mwanangu, na yale niliyokuwa nikiyaita ukaidi yakageuka kuwa hofu ambayo hakuwa amepata mwanya wa kuitaja.

Bado hunitokea kuteleza, hasa nikiwa nimechoka au ninapojiona mjuzi wa jambo linalozungumzwa. Siku hizo humrudia niliyemkatiza na kumwomba aanze mwanzo.

Katika kikao chetu cha mwezi uliopita mama yule alisimama tena, akatoa karatasi mkobani, akasoma hoja zake tatu. Nilizirudia, naye akaitikia kila moja. Akakunja karatasi. Katika kuhesabu kwangu nilikuwa nimefika mbili pale aliponyanyua macho na kusema, "Kuna na la nne, bosi, ila sikuliandika."